Ukambani na mahindi: sumu isiyoanzia ghalani

Kufikia Julai 2004, watu 317 wa mashariki mwa Kenya waliingiwa na manjano machoni, ini likashindwa kazi, na 125 kati yao wakafa. Makueni ilikuwa na wagonjwa 148 na Kitui 101; baadhi ya waliosalia walitoka Machakos na Thika. Haukuwa ugonjwa wa kuambukizana. Wizara ya Afya, KEMRI na wachunguzi wa shirika la CDC la Marekani walipoyapima mahindi ya majumbani, baadhi yalikutwa na aflatoksini B1, sumu itokanayo na ukungu, kufikia sehemu 4,400 kwa kila bilioni, ilhali kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini wakati ule kilikuwa 20. Tangu hapo hadithi ya mwaka ule imesimuliwa kwa namna moja: ukame ulitangulia, mvua zisizotarajiwa zikanyesha mwezi wa Februari mahindi yakivunwa, watu wakayaingiza ndani yakiwa mabichi, ukungu ukaota, sumu ikazaliwa. Mwenye kosa katika hadithi hiyo ni mkulima asiyejua kukausha nafaka, na dawa yake ni semina, turubai na kipima unyevu.

Hadithi hii ina ukweli, lakini imeishia njiani. Inaieleza Februari 2004 na kuiacha miaka mingine yote. Ukiusoma ushahidi uliokusanywa Ukambani, nchi ya Wakamba yenye Kitui, Makueni na Machakos, wakati ule na baadaye, utaona kwamba ghala ndilo mahali sumu inapoongezeka, si mahali inapoanzia, na kwamba kinachoamua nani ataumia si kiwango cha sumu kwenye punje peke yake bali pia ni mara ngapi kwa siku punje hizo zinaingia tumboni. Kwa maneno mengine, tatizo la aflatoksini Kitui na Makueni ni tatizo la chakula kimoja kilichotawala sufuria katika ardhi isiyokifaa. Turubai ni jambo jema. Halitoshi.

Tuanze na utafiti ambao mara nyingi hutajwa kuwa ndio unaothibitisha hoja ya ghala. Mlipuko ukiwa bado haujatulia, wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua. Waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu walikuwa na uwezekano wa kuugua wa takriban mara tatu na nusu ya wenzao. Hilo ni kubwa, na hakuna sababu ya kulipuuza. Lakini katika utafiti huohuo kuna tarakimu nyingine isiyotajwa sana. Mahindi kutoka nyumba za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sehemu 354 kwa bilioni; yale ya nyumba za wasiougua yalikuwa na 44. Soma tena hiyo ya pili. Watu waliochaguliwa kuwa mfano wa wazima, wasio na manjano, walioendelea kwenda shambani na sokoni, walikuwa wakila chakula chenye sumu zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu cha sheria. Hawakulazwa, kwa hiyo hawakuhesabiwa.

Sokoni hali haikuwa tofauti. Sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake zilizochukuliwa kwa wauzaji katika masoko 65 ya eneo hilo zilionyesha kwamba asilimia 55 zilipita kiwango cha 20, asilimia 35 zilipita 100, na asilimia 7 zilipita 1,000. Aliyeishiwa na mavuno yake akaenda kununua hakuikimbia sumu, aliinunua. Halafu kuna damu ya watoto wa shule wa vijiji viwili vya Makueni, iliyokuwa imechukuliwa mwaka 2002 na 2004 kwa ajili ya utafiti wa malaria na kichocho. Ilipopimwa baadaye kwa aflatoksini, karibu watoto wote walikuwa nayo, wakiwemo wa 2002, miaka miwili kabla ya vifo, na wale waliokuwa na ini lililovimba pasipo sababu nyingine ya wazi ndio waliokuwa na kiasi kikubwa zaidi. Na damu iliyokusanywa nchi nzima mwaka 2007, mwaka ambao haukuwa na mlipuko mkubwa, ilionyesha sumu hiyo kwa asilimia 78 ya watu waliopimwa, Mashariki na Pwani zikiongoza. Mwaka 2004 ulikuwa mwaka mbaya wa jambo lililopo kila mwaka.

Wala haukuwa mwaka wa kwanza. Mwaka 1981, Makueni ikiwa bado ni sehemu ya Machakos, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa huohuo na 12 wakafa. Mwaka 2005 na 2006, semina zikiwa tayari zimefanyika na redio zikiwa zimeshatangaza, vifo vilirudi katika eneo lilelile. Kama kisa kizima kingekuwa ujinga wa kukausha, tungetarajia wakulima wa Bonde la Ufa, ambao nao huhangaika na mvua wakati wa kuvuna, waonje angalau sehemu ya msiba huu. Badala yake uchunguzi wa 2007 uliwakuta wao wakiwa na kiwango cha chini kabisa nchini. Tofauti haiko kwenye akili za watu. Iko kwenye udongo na joto.

Ukungu unaotengeneza sumu hii, Aspergillus flavus, huishi ardhini. Mhindi ukiwa na kiu wakati wa kutoa ndevu na kujaza punje, na joto likiwa kali, kinga yake hudhoofika; punje hupasuka, wadudu hutoboa, ukungu huingia ukiwa bado shambani. Watafiti walipochunguza ni ukungu wa aina gani uliokuwa kwenye mahindi ya 2004, waligundua aina iitwayo S, hodari mno wa kutengeneza sumu, na ndiyo iliyotawala katika maeneo yaliyokumbwa. Kwa hiyo gunia linapoingia nyumbani, hata likiwa kavu, laweza kuwa limekwisha kubeba mzigo wake. Kukausha hadi unyevu wa asilimia 13 hivi huzuia sumu isizidi. Hakuiondoi iliyomo. Moto wa jikoni nao hauiondoi, kwa kuwa aflatoksini hustahimili kuchemshwa kwa ugali na kwa isyo, mchanganyiko wa mahindi na kunde au maharagwe, vilevile. Na punje yenye sumu si lazima ioze wala ibadilike rangi, ingawa kuchambua zilizooza na zilizovunjika husaidia kweli.

Sasa kiasi. Viwango vya sheria huandikwa kwa kipimo cha sumu ndani ya nafaka, lakini ini halisomi lebo. Linahesabu jumla iliyolifikia. Mchukue mtu mzima anayekula gramu 400 za mahindi kwa siku, makadirio ambayo watafiti wamekuwa wakiyatumia kwa Kenya. Mahindi yake yakiwa halali kabisa kwa kiwango cha sasa cha sehemu 10 kwa bilioni, atapata maikrogramu 4 za sumu kila siku ya Mungu. Anayekula gramu 20 za mahindi hayohayo atapata sehemu moja ya ishirini ya hizo. Yakiwa na 44, kama yale ya majirani wazima wa 2004, mlaji wa gramu 400 anafikisha karibu 18. Umoja wa Ulaya, ambako mahindi ni kionjo tu mezani, umeweka kikomo cha 4 kwa nafaka zinazoliwa moja kwa moja. Kwetu, ambako ni chakula cha asubuhi, mchana na jioni, kikomo ni 10. Anayekula kidogo amelindwa zaidi ya anayekula sana. Na hata kikomo hicho hulinda mahindi yanayopita kiwandani na mpakani, yale yaliyoifanya serikali iondoe chapa kadhaa za unga madukani Novemba 2019 na kusimamisha kwa siku chache uagizaji kutoka Uganda na Tanzania Machi 2021. Mahindi yatokayo shambani kwenda ikumbi (ghala la Kikamba), kutoka ikumbi kwenda kinu cha posho, na kutoka kinuni kwenda sufuriani, hayakutani na mkaguzi hata mara moja. Ndiyo yaliyoua 2004.

Ini likipokea sumu hii kidogokidogo kwa miaka, hatari yake ni saratani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani umeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo ni hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Na haifanyi kazi peke yake. Utafiti maarufu wa Shanghai uliona kwamba wanaume wenye dalili za aflatoksini mwilini walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi ya wasio nayo; wenye virusi vya homa ya ini aina ya B, mara 7; wenye vyote viwili, karibu mara 60. Katika utafiti wa 2004 pia, kuwa na virusi hivyo kulihusishwa na kuugua. Ndipo baadhi ya wataalamu husema: basi tuchanje. Na Kenya inachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo tangu 2001. Chanjo hiyo ni kati ya mambo bora yaliyowahi kufanyiwa ini la Mkenya, ila haiwafikii waliozaliwa kabla yake na walioambukizwa tayari, wala haizuii sumu kali kuua kwa wiki chache kama ilivyoua Makueni.

Hoja ya chakula ina ushahidi gani, basi? Wenye nguvu zaidi unatoka China, wilaya ya Qidong, ambako mahindi yalikuwa chakula kikuu na saratani ya ini ilikuwa janga. Kuanzia miaka ya 1980, sera za serikali za kufungua soko la nafaka ziliwafanya watu waache mahindi wakala mchele. Dalili ya aflatoksini kwenye damu, iliyokuwa juu mwaka 1989, ilishuka mwaka hadi mwaka, na kufikia 2009 ilikuwa haionekani tena. Vifo vya saratani ya ini kwa watu wa chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu kati ya waliozaliwa miaka ya 1960 na wale wa miaka ya 1980, na wote hao walizaliwa kabla ya chanjo kwa watoto wote. Walibadili kilichomo kwenye bakuli. Karibu zaidi nasi, watafiti waliolinganisha nafaka za Nigeria walikuta mahindi yakiwa na wastani wa sehemu 36 kwa bilioni, mtama karibu 9, na uwele chini ya 5. Mtama na uwele si malaika. Navyo hupata ukungu. Lakini vilizaliwa katika joto na kiu ya Afrika, na huvivumilia bila kudhoofika kama mhindi.

Mkamba hahitaji kuambiwa hayo na Nigeria. Muvya na mwee, yaani mtama na uwele, vilikuwa nafaka za nchi hii kabla mahindi hayajazitawala katika karne iliyopita. Miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, kilitoa mbegu ya mahindi iliyokomaa haraka kwa ajili ya maeneo makavu, na watu wakapata sababu ya kupanda mahindi mahali ambapo wazee wao wasingethubutu. Ilikuwa kazi nzuri ya kisayansi kwa lengo lake: kushinda njaa. Hakuna aliyepima ukungu. Leo Katumani hiyohiyo ina kiwanda cha Aflasafe, dawa iliyosajiliwa Kenya 2015, ambayo ni ukungu wa hapa nchini usiotengeneza sumu, unaotawanywa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, ili uuzidi nguvu ule wenye sumu. Ukungu huo hupakwa kwenye punje za mtama. Mtama, basi, umerudi shambani kuwa dawa ya kuyaokoa mahindi yaliyoufukuza. Ni kichekesho kidogo, kama huna njaa.

Aflasafe ndiyo pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya hoja yangu, maana inafanya kazi pale pale ninaposema tatizo linaanzia. Majaribio yake barani Afrika mara nyingi yameonyesha sumu kushuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ningefurahi kuiona katika kila shamba la Kibwezi na Mutomo. Lakini inanunuliwa, msimu baada ya msimu. Inahitaji unyevu ardhini ili ukungu wake uote. Na faida yake haionekani kwa macho. Anayeuza kwa kiwanda kinachopima anaweza kulipwa kwa usafi wa mahindi yake. Anayekula chake halipwi na mtu. Mkulima wa ekari mbili ambaye mvua imemwangusha misimu mitatu kati ya mitano atanunua nini kwanza, mbegu au ukungu? Kuhusu uhifadhi, ushahidi mzuri upo pia: katika vijiji 20 vya Guinea, mikeka ya kuanikia, kuchambua kwa mkono, magunia ya nyuzi za asili na vichanja vya mbao vilipunguza aflatoksini kwenye damu kwa zaidi ya nusu. Zao lililochunguzwa lilikuwa karanga, ambazo hazikuwa chakula cha kila mlo. Nusu ya sumu ya mlaji wa gramu 400 bado ni nyingi.

Wengine watauliza kuhusu watoto waliodumaa, na hapa ni lazima kwenda kwa uangalifu kuliko wanavyokwenda wanaharakati. Benin, watoto waliokuwa na aflatoksini nyingi zaidi walikua pungufu kwa sentimita 1.7 katika miezi minane kuliko waliokuwa na kidogo. Hilo linaogofya, ila halithibitishi kwamba sumu ndiyo chanzo, kwa kuwa nyumba zenye mahindi mabaya huwa na shida nyingine nyingi. Jaribio la Meru na Tharaka-Nithi lilijitahidi kujibu swali hilo kwa kubadilishia familia mahindi yenye sumu kwa mahindi safi. Katikati ya jaribio watoto walionekana kupata urefu kidogo. Mwishoni tofauti ilikuwa imetoweka. Anayesema kwamba aflatoksini inadumaza amesema zaidi ya kilichothibitishwa. Lakini angalia pia kwamba katika jaribio hilo sumu kwenye damu ya watoto ilipungua kwa takriban robo tu. Kubadilisha mahindi kwa mahindi, hata kwa msaada wa watafiti, kuliwaacha watoto na sehemu kubwa ya sumu yao.

Pingamizi la mwisho halitoki maabara, linatoka jikoni na shambani, na nalo nalichukulia kwa uzito zaidi. Mtama huliwa na ndege wiki nzima kabla hujauvuna, na mtoto aliyekuwa akiwafukuza sasa yuko shule, kama inavyotakiwa. Kuutwanga ni kazi, na kazi hiyo huangukia wanawake. Ladha nayo ina haki yake: muthokoi ni fahari ya Ukambani, na hakuna daktari atakayewaambia watu waache muthokoi akasikilizwa. Wala hana haja. Kukoboa mahindi kutengeneza muthokoi, kwa mujibu wa uchunguzi wa watafiti wa Kenya, hupunguza aflatoksini kwa karibu nusu kwa wastani, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Akina mama wa Ukambani walikuwa na ufundi huo kabla neno aflatoksini halijatungwa. (Pumba zilizotoka zisipewe ng'ombe wa maziwa, sumu hupita ikaingia kwenye maziwa.) Ninachodai si kuyafuta mahindi. Ni kuyapunguza, kutoka milo mitatu hadi mmoja, na nafasi iliyobaki ijazwe na vitu ambavyo tayari vinaota hapa: nzuu (mbaazi), kunde, ndengu, mtama, uwele, mihogo. Isyo yenye nzuu nyingi na mahindi machache ni isyo bado.

Na mabadiliko hayo hayawezi kuachiwa familia moja moja, kama vile Qidong haikuachiwa. Bodi ya nafaka ya taifa imezoea kununua mahindi, hivyo mkulima huhisi kwamba mahindi ndiyo fedha. Chakula cha msaada wakati wa ukame kimekuwa mahindi na maharagwe, na chakula cha shule vilevile, hivyo hata ambaye mahindi yake yameungua hurudishwa kwenye mahindi. Kaunti zimejaribu kitu. Charity Ngilu, alipokuwa gavana wa Kitui, aliwagawia wakulima mbegu za ndengu katika kampeni iliyotangazwa sana, na ndengu zikapandwa. Kasoro ni kwamba ndengu hukuzwa ili ziuzwe, na fedha yake inaweza kurudi nyumbani ikiwa unga wa mahindi. Kampeni iliyogeuza shamba haikugusa sufuria. Shule za msingi za Kitui na Makueni zingeanza kupika mtama na nzuu siku mbili tu kwa wiki, zilizonunuliwa kwa wakulima wa hapo, soko lingekuwepo, ladha ingejifunzwa utotoni, na damu ya watoto hao ingeweza kupimwa mwanzoni na mwishoni mwa mwaka ili hoja hii ithibitishwe au itupwe. Ni jaribio linalowezekana.

Mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, na huanza kunyesha Oktoba. Mbegu za msimu huo hununuliwa Septemba.